Siku Niliyopanda Mkarafuu

Kwetu Pemba, mwaka ambao karafuu zimezaa sana, shule hufungwa watoto wakachume. Mtu wa bara akisikia hivyo hushangaa, lakini sisi tumekua na jambo hilo. Mwalimu hutangaza asubuhi mstarini, watoto hupiga kelele za furaha, na kesho yake hawana madaftari mkononi, wana mapakacha. Karafuu huchumwa ikiwa bado haijafunguka. Kichwa chake kikishaanza wekundu kidogo, una siku chache tu za kukiwahi. Ikichanua ikawa ua, hapo tena si karafuu ya kupeleka kituoni kuuza.

Mimi niliacha shule katika likizo kama hiyo. Sikufukuzwa, sikukatazwa na mtu, wala masomo hayakunishinda. Nilikuwa kidato cha pili. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na mama alimfuata mwaka ule wa karafuu, kabla msimu haujaanza. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka minane, na mdogo wetu wa mwisho, mtoto wa kike ambaye ndio kwanza anaanza kutembea. Shule ilipofunguliwa, uani kulikuwa na majamvi manne ya karafuu ambazo hazijakauka. Nikajiambia, siku tatu tu, zikauke nizipeleke kituoni, kisha nirudi darasani. Siku ya pili mvua ikanyesha. Siku tatu zikawa wiki, mtoto akaugua, wiki ikawa mwezi. Halafu siku moja nikajikuta nimeshaikata sketi yangu ya shule kumshonea mdogo wangu kaptura. Ndivyo nilivyoacha. Hakuna siku hata moja ninayoweza kuionyesha kidole nikasema niliamua siku ile.

Badala ya shule nikajifunza kuanika. Watu hudhani kuanika ni kumwaga kitu juani na kukaa. Karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia usiku mmoja bila kukonyolewa hupata joto, na ukija kuianika inakauka imepauka, imekunjamana, haina mafuta. Kwa hiyo jioni ile ile lazima mkae chini mzitoe zote kwenye vikonyo vyake, na alfajiri ziwe juu ya jamvi, zimetandazwa nyembamba. Kisha unazigeuza kwa miguu. Unavua viatu, unaburura nyayo taratibu kutoka upande huu hadi ule, unaacha mifuo, unarudi unaikata. Unyayo ndio unaokwambia kama chini kumebaki unyevu. Siku ya nne au ya tano, jua likiwa zuri, unachukua karafuu moja unaikunja. Ikipinda, irudishe. Ikikatika kwa mlio, imekuwa.

Bwana wa kituo cha kununulia, ambaye kazi yake ni kutia mkono ndani ya gunia na kutoa kasoro, alikuwa akifika kwenye magunia yangu anainusa karafuu kisha anauliza, "Hizi za yule mtoto wa marehemu?" Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilifurahi siku nzima. Zilikuwa daraja la kwanza, vichwa vizima, rangi moja gunia zima.

Lakini kuanika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko juu ya mti, na juu ya mti sikuwahi kufika. Baba alituachia mikarafuu kumi na saba kwenye kilima nyuma ya nyumba, imepakana na ya ami yetu, mdogo wake baba. Miye nilichuma matawi ya chini kwa kigoe, kile kijiti chenye ndoano cha kuvutia tawi. Ya juu alichuma ami, mpaka magoti yake yalipoanza kumuuma. Baada ya hapo tukawa tunatafuta wachumaji, mpaka mdogo wangu alipokua.

Naye alikua kwa kwenda juu. Alipofika kidato cha tatu alikuwa mwembamba, mrefu, mwepesi, na mkarafuu ni mti unaotaka mtu mwepesi, maana matagaa yake, yale matawi makubwa, hayana huruma. Yanavunjika bila kukuonya. Msimu huo karafuu zilizaa mpaka majani yakawa hayaonekani. Shule ikafungwa. Mdogo wangu akapanda siku ya kwanza, na wapita njia wakawa wanasimama kumtazama.

"Huyu si mtu, huyu ni kima," akasema jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye uga wake na wetu umetenganishwa na mstari wa mihogo tu.

"Kima anakula, miye nachuma," mdogo wangu akamjibu kutoka juu.

"Basi chuma, mwanangu, usije ukatudondokea. Sina pa kukuzika."

Ami alimpenda sana msimu ule. Kila jioni, tukikaa uani kukonyoa, alimwita "mwanamme wangu" na kumsogezea kahawa. Mdogo wangu akaanza kukaa kama wakubwa, mguu mmoja juu ya goti, akizungumzia miti kama mtu aliyeinunua. Nikamwacha. Nilijua amekosa mtu wa kumwita mwanamme tangu utoto wake.

Tangazo likaja kwamba shule zinafunguliwa. Sisi tulikuwa tumemaliza miti kumi na mmoja. Sita ilibaki, na mmoja ni ule mkubwa ulio kando ya njia, ambao peke yake una karafuu za miti mitatu. Wachumaji hawapatikani mwaka kama ule, kila mtu ana yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na nililifanya kosa lile na akili zangu zote. Usiku wa kuamkia shule nilimkuta anapiga pasi sare yake, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Hebu kaa siku tatu tu, tuumalize ule mkubwa."

Akaning'iniza shati ukutani. Hakuuliza la pili.

Siku tatu zilikwisha, mti mkubwa haujaguswa, kwa sababu tulianza na midogo iliyokaribia kuchanua. Nikasema mpaka Ijumaa. Ijumaa akasema yeye, mpaka wiki ijayo. Siku ya kumi nilikuwa nimesimama kwenye jamvi nikigeuza, simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu wake wa darasa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi.

"Dada yetu, assalamu alaikum. Mdogo wako sijamuona. Mtihani wa kufunga muhula unaanza Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi. Asipoufanya atarudia darasa. Na wanaoambiwa warudie darasa miye nawajua, hawarudi. Nakuomba, dada."

Nilisikiliza mara mbili. Nilitazama miguu yangu ndani ya karafuu mpaka vifundoni, nikaona ninavyofanana na yule msichana wa kidato cha pili. Tofauti ni kwamba safari hii siku tatu nimemwambia mwingine, na anayelipa si mimi.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nikamwambia kesho anarudi shule. Ami alikuwa amekaa mlangoni.

"Na ule mti?" mdogo wangu akauliza.

"Mti niachie."

"Nani atapanda? Ami na magoti yale?"

"Magoti yangu yana nini?" ami akadakia.

"Nitapanda miye," nikasema.

Mdogo wangu akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mdogo wetu wa mwisho, wa darasa la nne wakati huo, naye akacheka kwa kufuata. Ami hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyesikia neno la ugonjwa.

"Weye mtoto wa kike," akasema, "utapanda mkarafuu njiani, watu wanapita?"

"Watu wakipita nitawaamkia."

"Dada, sikiliza," mdogo wangu akasema, sasa hacheki. "Miye shule sina haja nayo tena. Nimeshafikiri. Darasani nakaa nyuma, sijulikani nipo au sipo. Hapa nikipanda mti, kazi inaonekana. Weye mwenyewe uliacha, umekufa? Tunakula, tunavaa. Mtoto anasoma. Niache nikusaidie."

Ningemwambia kwamba mpaka leo nikipita karibu na shule na kusikia watoto wakiitikia darasani huongeza mwendo. Sikumwambia. Nikasema tu, "Kesho saa kumi na mbili uwe umevaa."

"Na nisipovaa?"

"Nitakuvalisha. Nimeshakuvalisha sana."

Ami akasimama akajipangusa. "Mwaka wa karafuu huu," akasema, si kwangu wala kwake, akaenda zake. Nilijua ameudhika. Kwa hesabu yake, nilikuwa namtoa mwanamme kwenye kazi ya wanaume na kumpeleka akakae kitini.

Asubuhi mdogo wangu alivaa. Shati lilikuwa linambana mabegani. Hakuniaga, akashika njia ya kuelekea barabara kuu inapopita gari ya kwenda Chake mjini, kwenye shule yake. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye migomba. Nikampeleka mdogo wetu wa mwisho hadi kwa wenzake wanaokwenda skuli pamoja, kisha nikarudi ndani, nikavaa suruali ya kazi ya mdogo wangu chini ya gauni, nikajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, nikachukua pakacha, kamba na kigoe.

Ule mti kwa chini hauna tawi la karibu. Ami alikuwa ameupigia vipande vya mbao zamani vya kukanyaga, viwili vimeoza. Nikasema bismillahi nikaanza. Sikujua kwamba ukiwa juu ya mti mikono huchoka kabla ya miguu. Sikujua kwamba maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, hawaumi ukipita, wanangoja utulie. Nilipofika kwenye panda ya kwanza, mahali tagaa linapogawanyika mara mbili, nikakaa, wakaanza.

Jirani yetu alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama.

"Nani huyo juu?"

"Miye."

"Weye nani?"

"Miye, mama. Dada mtu."

"Subhanallah." Akaja mpaka kwenye mihogo, akakinga macho kwa kiganja. "Umeingiwa na nini? Shuka!"

"Nachuma."

"Nakuona unavyochuma! Unajikuna tu."

Ni kweli, nilikuwa najikuna kwa mkono mmoja na kushikilia roho kwa mkono mwingine. Lakini nikavuta tawi la kwanza kwa kigoe nikachuma shada, nikalitia pakachani, nikavuta la pili. Baada ya muda nikaona hofu imepungua kidogo. Nikapanda tagaa moja zaidi. Wakapita wanawake wawili wanakwenda kuchota, wakasimama.

"Hodi huko juu!" mmoja akaita. "Kuna nafasi?"

"Karibuni, kuna chungu wa kutosha," nikamjibu, wakacheka wakaendelea, na nikawasikia wakicheka mpaka kwenye mteremko. Najua kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari. Mdogo wangu zilimfikia mapema zaidi, maana wale wanawake walikutana naye njiani.

Hakuwa amepanda gari. Alikuwa amekaa pale barabarani kwenye jiwe, ameziacha gari mbili zikapita. Walipomwambia dada yako yuko juu ya mti wa njiani, alirudi mbio. Nilimsikia kabla ya kumuona. Alisimama chini, begi mgongoni, anahema.

"Dada! Shuka!"

"Saa ngapi sasa?"

"Shuka, tagaa hilo ulilokanyaga limekufa! Miye sikanyagi hapo!"

Nikahamisha mguu. "Nimekuuliza saa ngapi."

"Sijui. Saa mbili imepita. Shuka nipande miye, nitavua shati tu."

"Usivue kitu."

"Utaanguka!"

"Basi nitaanguka na weye uko darasani. Sishuki mpaka uondoke."

"Dada, wallahi unanitia wazimu!"

"Na weye unanitia miye. Nenda."

Akalishika shina akaanza kupanda na viatu vyake vya shule. Hapo nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka najiona mjinga. Nikapanda juu zaidi. Yeye kipande kimoja, miye tagaa moja. Matawi ya kule yalikuwa membamba kama mkono wa mtoto, na mti mzima ukaanza kuyumba kidogo.

"Simameni hapo hapo nyote wawili!" jirani akapiga ukelele. "Mtaniulia mti na watu!"

Mdogo wangu akasimama. Akashuka kile kipande kimoja alichopanda. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui jasho sijui nini, na alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya maziko ya mama, alipokuwa anangoja nimwambie tufanye nini.

Nikasema, sasa kwa sauti ndogo maana sikuwa na nyingine, "Nilikukosea miye. Nilikwambia siku tatu. Sikupaswa kukwambia vile. Miye niliacha shule kwa siku tatu kama hizo, na sikutaka kuacha. Unasikia? Sikutaka kuacha. Nilipenda shule. Nenda ukafanye mtihani wako, ukifeli ufeli, lakini nenda."

Hakuwahi kunisikia nikisema hivyo. Hakuna aliyewahi. Jirani aliinamisha kichwa akawa anaung'oa mmea mmoja wa mihogo usio na kosa lolote.

Ami alikuwa amefika. Sijui alisimama nyuma ya mgomba muda gani. Alikuja akikokota baskeli yake, ile nyeusi ambayo hamwazimi mtu, hata mwanawe wa kumzaa alimnyima siku ya harusi yake. Akamsimamia mdogo wangu, akamwekea mpini mkononi.

"Gari utazikosa. Breki ya nyuma haishiki, tumia ya mbele, lakini taratibu pale kwenye mteremko."

"Ami, na dada?"

"Dada yako hajambo. Nenda."

"Ami..."

"Hujanisikia? Nenda, mwanangu. Usinipigie kengele ovyo."

Akaenda. Nilimuona kutoka juu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiona njia yetu yote kwa pamoja, kutoka kwenye uga mpaka barabarani, na yeye akikanyaga kwa nguvu amesimama juu ya pedeli, begi likimrukaruka mgongoni. Akakata kona kwenye minazi ya msikiti akapotea.

Ndipo nilipotazama chini, nikagundua sijui kushuka.

"Ami," nikaita.

"Naam."

"Siwezi kushuka."

"Najua. Nilikuona ulivyopanda, umepanda kama mbuzi." Akalisogelea shina, akaweka kiganja juu yake. "Tulia. Usitazame chini, nisikilize miye. Mguu wa kushoto, nyuma yako, kuna panda. Hapo. Sasa lishike lile tagaa lenye kovu, si hilo, la kulia. Hilo la kulia lilipigwa radi tukiwa vijana na baba yako, halivunjiki. Umelishika?"

"Nimelishika."

"Shusha mguu wa kulia. Bado. Bado. Hapo."

Alinishusha hivyo, tagaa kwa tagaa, bila kunigusa, kwa maneno tu. Aliujua mti ule wote kwa kichwa. Kila aliponiambia shika hapa alikuwa na sababu yake: hapa baba yako alikuwa akikaa kula muhogo, hapa mama yako alikuwa akitupia kamba ya pakacha. Sikuwa nimewahi kusikia habari hizo. Nilipofika chini nikakaa juu ya mizizi. Pakacha langu lilikuwa halijafika hata nusu.

Ami akatia mkono ndani, akazichekecha. "Umechuma na majani," akasema.

"Nitachambua."

Akanyanyua macho akatazama kileleni, ambako karafuu zilikuwa zimejaa zimeanza wekundu. "Huko juu kutachanua. Siku nne, tano."

"Na kuchanue."

Akatoa jani moja pakachani. Kisha akasema, "Kesho nitakuletea ngazi, uchume karafuu ya kati. Kileleni usiende tena."

Tulichuma ya kati, mimi kwenye ngazi, ami ameshika chini, jirani akipokea mapakacha na kutupigia kelele. Ya juu ilichanua yote. Kwa Mpemba hakuna aibu kama ile, mti wako kuchanua kando ya njia watu wanaona. Walipita wakauliza kama tumeanza kufuga nyuki, na kweli nyuki walikuja, mti ulinguruma mchana kutwa. Mdogo wangu alikuwa anapita chini yake kila asubuhi na baskeli ya ami, akienda kwenye mtihani wa pili, wa tatu, wa nne. Siku ile ya kwanza alifika amechelewa dakika kumi, msimamizi akamwangalia shati lilivyolowa, akamwonyesha kiti.